Hita Iliyosahau Kuzima: Kisa cha Trela Moja Nje ya Dallas

Simu iliingia saa moja asubuhi, katikati ya Januari. Mpigaji alikuwa muuguzi wa mikataba, dada wa Kikenya anayeishi ndani ya trela kwenye uwanja wa kukodi nje kidogo ya Dallas, jimbo la Texas. Wauguzi wa namna yake mara nyingi hufanya kazi wiki 13 katika hospitali moja kisha huhamia mji mwingine, na wapo walioona heri wakokote nyumba yao kuliko kuhangaikia chumba kila baada ya miezi mitatu. Namba yangu alipewa kanisani na mtu niliyewahi kumtengenezea jiko.

"Fundi, kuna valvu huko nje inadondosha maji usiku wote," akasema. "Jirani ameniambia ninunue plagi ya chuma niizibe. Lakini sina spana. Unaweza kuja kunizibia?"

Nilimwambia asizibe kitu, azime hita, nakuja. Huo ndio ushauri pekee wa maana niliompa siku ile, kama utakavyoona.

Hita za matrela ya Kimarekani si kama shawa ya umeme tuliyoizoea nyumbani, inayopasha maji yakiwa njiani. Nyingi ni tangi dogo lililochomekwa ubavuni mwa trela, mlango wake ukitazama nje. Hii ilikuwa ya galoni 6, yaani lita 22.7, tangi la chuma lililopakwa kaure kwa ndani. Linapashwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni gesi ya propani, inayowashwa kwa cheche chini ya usimamizi wa kadi ya elektroniki inayokula umeme wa betri, volti 12. Ya pili ni koili ya wati 1440 inayotumia umeme wa volti 120. Kila njia ina swichi yake ukutani. Porini unatumia gesi. Ukishachomeka waya kwenye nguzo ya uwanja, na umeme umo ndani ya kodi, hakuna mtu anayechoma gesi yake mwenyewe. Dada huyu alikuwa akitumia koili karibu mwaka mzima.

Sasa upande wa usalama, maana kisa chote kimelala hapo. Kila njia ina thamostati yake, swichi ya joto inayozima upashaji maji yakifika nyuzi 130 za Farenhaiti, ambazo ni 54 za Selsiasi. Mbele ya thamostati, kwenye mstari huohuo wa umeme, kuna swichi nyingine ambayo mimi huiita swichi ya kikomo. Thamostati ikishindwa kazi na maji yakakaribia nyuzi 82 za Selsiasi, hiyo inakata, na haijirudishi mpaka mtu abonyeze kitufe chake. Vitufe ni viwili, kimoja cha volti 12 na kingine cha volti 120, vimefichwa chini ya mpira mweusi. Kisha juu ya tangi kuna vali ya shaba isiyojua umeme wala gesi: presha ikifika psi 150 (psi ni kipimo cha presha), au joto likifika nyuzi 99 za Selsiasi, inafunguka na kumwaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa inadondosha maji. Hiyo ndiyo jirani alitaka izibwe.

Nilipofika hita ilikuwa imezimwa tangu alfajiri na maji yamepoa. Vali ya namna hii ikidondosha matone, fundi yeyote wa matrela anawaza jambo moja kabla ya mengine: mfuko wa hewa umekwisha. Maji ya tangi hili yakipashwa kutoka nyuzi 12 hadi 54 hutanuka kwa karibu theluthi moja ya lita. Kwenye ingizo la maji la trela kuna vali ya kupitisha upande mmoja tu, kwa hiyo hiyo ziada haiwezi kurudi kwenye bomba la uwanja. Ndiyo maana hewa kidogo huachwa juu ya tangi iwe mto. Hewa hiyo humezwa na maji kidogo kidogo, na siku mto ukiisha, kila hita inapopasha, vali inatema. Dawa yake ni ya dakika tano: unazima hita, unafunga maji ya kuingia, unafungua bomba la moto ndani, unanyanyua mkono wa vali mpaka maji yaache kutoka, kisha unaachia. Hewa imerudi.

Nikafanya hivyo. Nikapima presha ya maji, psi 50, safi. Nikamwambia awashe, nikachukua changu nikaondoka. Ule mpira mweusi sikuunyanyua. Dalili ilikuwa ninayoijua, dawa ninayoijua, na kulikuwa na mteja mwingine ananisubiri Fort Worth.

Kesho yake simu ilikuja mapema zaidi.

"Fundi, leo si maji. Ni mvuke."

Alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku, akafungua bomba la jikoni, likakohoa na kutema maji yanayofuka. Yeye ni muuguzi. Hakuhitaji nimweleze kwamba maji ya nyuzi 60 yanatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Safari hii nilimwambia azime swichi ya ukutani na pia breka ya umeme, akae mbali na mabomba.

Nilipofika sikugusa hita kwanza. Nilikaa kwenye ngazi ya trela nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, kama yeye anavyomhoji mgonjwa. Historia ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi maji yalikuwa hayapati moto vizuri, vuguvugu tu, akadhani ni baridi ya nje. Mwezi wa kumi na moja upande wa umeme ukazima kabisa. Akaita fundi, siye mimi, akaonyeshwa kitufe chini ya mpira. Akakibonyeza, hita ikafufuka. Baada ya siku tatu ikazima tena, akabonyeza. Halafu ikawa kila siku. "Natoka zamu ya muda wa saa 12, kitufe ni cha sekunde mbili," akasema, kana kwamba anajitetea mbele yangu. Niseme hapa kwamba kitufe hicho kipo sentimita chache kutoka kwenye vituo vya waya vya volti 120, na alikuwa akikibonyeza kwa kidole chenye maji huku breka imewashwa.

Desemba gesi nayo ikagoma. Yule fundi akabadilisha kadi ya elektroniki, kwa bei iliyomuuma. Gesi ikawaka siku nne, ikafa tena. Alipolalamika, fundi akarudi, akasema kadi mpya huenda ni mbovu ataagiza nyingine, ila kwa sasa atamtengenezea upande wa umeme usimsumbue na kubonyezabonyeza.

"Aliutengenezaje?"

"Alifungua hapo nje, dakika kumi. Tangu siku hiyo kitufe sijakigusa."

Nilishajua nitakachokiona. Nikaacha bomba la moto wazi kidogo mpaka maji ya tangini yapoe, nikahakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, nikanyanyua mpira. Kipande cha waya, urefu wa kidole, kimefungwa vishikio vipya vya buluu kila ncha, kinaunganisha pande mbili za swichi ya kikomo ya volti 120. Huko kwetu tunasema kaipiga dairekti. Kazi ilikuwa nadhifu, na unadhifu wake ndio ulioniudhi: aliyeifanya alikuwa anajua anachokifanya.

Kirahisi ningeishia hapo: ng'oa waya, kosa limepatikana. Lakini waya ule ulieleza tu kwa nini hita haikukata kwenye nyuzi 82. Haukueleza kwa nini maji yalipita 54, kazi ambayo ni ya thamostati, na thamostati haikuwa imerukwa. Na kitufe kilikuwa kimeanza kuruka wiki kadhaa kabla ya waya huo kuwekwa.

Nikaichomoa thamostati kwenye waya zake nikaipima. Mita ikasoma ohm 0.2. Inapitisha. Nzima?

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, na sijitoi. Thamostati ya hita ikiwa baridi inatakiwa ipitishe umeme. Ndiyo inavyoruhusu koili kupasha. Iliyo nzima itasoma karibu sifuri, na iliyokwama itasoma karibu sifuri vilevile. Tofauti yao huonekana kwenye moto tu. Ukiipima tangi likiwa baridi, umempima mlinzi mchana ukitaka kujua kama analala usiku. Nina hakika mwenzangu alifanya kipimo hichohicho: thamostati inapitisha, basi nzima, kitufe kinaruka kila siku, basi swichi ya kikomo ndiyo dhaifu. Kwa vipimo alivyokuwa navyo, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ugomvi wangu naye ni ule waya.

Kwa hiyo tukapasha. Niling'oa waya, nikarudisha swichi ya kikomo kwenye mstari na kubonyeza vitufe vyote viwili. Koili yenyewe nilikuwa nimeshaipima: ohm 10, na umeme wake haukuvuja kwenda kwenye chuma cha tangi. Nikabandika kipimajoto kwenye chuma cha tangi kando ya thamostati, chini ya sponji, nikabana mita ya ampea kwenye waya wa koili, nikawasha breka. Volti 118, ampea 11.8. Maji yalikuwa nyuzi 12. Hesabu ya karatasini inasema lita 22.7 kwa nguvu hiyo zitahitaji dakika 48 kufika nyuzi 54. Dada akaleta chai ya maziwa, ya Kikenya kweli, iliyochemshwa pamoja na majani, tukakaa.

Dakika ya 50, nyuzi 54. Ampea 11.8. Nyuzi 58, ampea 11.8. Nyuzi 65, mita haikutikisika. Nilikuwa na kidole kwenye breka muda wote, na yeye alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu bila kuambiwa. Kwenye nyuzi 81 ukasikika mlio mdogo, tak, na mita ikaanguka sifuri.

Swichi ya kikomo, ile iliyohukumiwa na kuondolewa kazini, ndiyo iliyofanya kazi. Sekunde chache baadaye ukasikika mlio wa pili, na huo ndio uliofungua fumbo la gesi.

Thamostati na swichi za kikomo za njia zote mbili zimegusa tangi lilelile. Hazijui maji yamepashwa na nani. Koili ilipovuka mpaka, swichi ya upande wa gesi nayo ililihisi joto hilo na kukata volti 12 zinazokwenda kwenye kadi. Nikapima: volti 12.9 zinaingia upande mmoja wa swichi, sifuri upande wa pili. Kadi haikuwa ikipata umeme kabisa, ndiyo maana swichi ya gesi ikiwashwa hakukuwa na cheche wala mlio wa vali ya gesi kufunguka. Yule fundi alipobadilisha kadi bila shaka alibonyeza vitufe vyote viwili akiwa palepale, gesi ikawaka, akaamini kadi ndiyo iliyoponya. Siku nne baadaye koili ikapitiliza tena, na gesi ikafa tena. Kadi nzima ilitolewa kwa kosa la thamostati ya upande mwingine.

Usiku wa kabla ya simu ya kwanza unaweza kuupanga sasa kwa saa. Dada anawasha koili na kwenda zamu. Chini ya saa moja maji yako 54, hakuna kinachokata. Nusu saa nyingine, 82. Swichi ya gesi ilikwisharuka zamani, ile ya umeme imerukwa kwa waya. Dakika 20 nyingine, 99, na vali ya shaba inafunguka. Maji ya moto yanamwagika, ya baridi yanaingia, joto linashuka, vali inafunga, koili inaendelea. Hivyo hivyo mpaka alfajiri. Mfuko wa hewa niliomrudishia haukuwa na msaada wowote, kwa sababu vali haikufunguliwa na presha. Ilifunguliwa na joto, na kama ningekuja tangi likiwa moto ningeligundua hilo kwa kiganja cha mkono.

Aliniuliza ile plagi ya jirani ingefanya nini. Nilimjibu kwa ufupi pale, hapa naweza kurefusha. Maji yaliyo chini ya presha ya psi 50 hayachemki kwenye nyuzi 100. Yatasubiri hadi karibu 148. Vali ikizibwa na thamostati imekwama, koili haina sababu ya kusimama. Maji yangezidi kutanuka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Mabomba ya plastiki ya PEX, yanayotumika kwenye matrela mengi, hukadiriwa kubeba psi 100 maji yakiwa nyuzi 82, na uwezo huo hushuka joto likipanda. Ungeomba Mungu bomba ndilo lipasuke, si tangi, maana maji yaliyopita kiwango cha kuchemka yakiachiwa ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi ya mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Tangi lenyewe limekaa chini ya kitanda chake.

Thamostati niliifungua kwa bisibisi jioni ile, nikiwa nyumbani, kwa udadisi tu. Ndani kuna kisahani cha metali mbili kinachopinda ghafla kikipata joto na kutenganisha vidole viwili vya shaba. Kisahani kilikuwa kizima. Vidole ndivyo vilivyoungana, vimeyeyuka na kuganda kama vimelehemiwa. Kishikio kimoja cha waya kilikuwa kimelegea na plastiki yake imegeuka kahawia. Ninavyosoma mimi, mtikisiko wa barabara ulilegeza kishikio, kishikio kilicholegea kikachemka kwa ampea 12, na joto hilo likamdanganya kisahani kwamba maji yameiva. Ndiyo yale maji ya vuguvugu ya mwezi wa kumi. Kikawa kinakata na kurudisha mara nyingi kupita kawaida, kila mara na cheche yake, mpaka siku moja vidole vikashikana. Dalili ya kwanza ilikuwa baridi na ugonjwa wenyewe ukawa moto, nani angeziunganisha?

Matengenezo hayakuwa na hadithi. Nilifunga thamostati na swichi ya kikomo mpya za upande wa umeme, zinazouzwa pamoja kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, nikakata sehemu ya waya iliyoungua na kubana vishikio vipya. Za upande wa gesi niliziacha, zilikuwa zimethibitisha mbele yangu kwamba zinakata. Vali ya shaba niliibadilisha ingawa iliokoa jahazi: imefunguka mara nyingi mno kwenye maji magumu ya Texas, chokaa imekaa kwenye kiti chake, haifungi tena sawasawa. Nilipoifungua fimbo ya anodi, ile ya magnesiamu inayoliwa na kutu ili tangi lisiliwe, ilikuwa imebaki waya wa katikati tu, kama gunzi lililonyofolewa. Nikaweka mpya.

Kisha tukarudia kupasha, kipimajoto mahali pale pale. Nyuzi 55, mita ikaanguka sifuri, na vitufe vyote viwili vikabaki kimya. Tukamwaga nusu, tukasubiri, koili ikajirudisha yenyewe. Mara tatu.

Ilibaki kadi. Mwenzangu alikuwa amemwachia ile ya zamani ndani ya boksi la mpya. Nikamwomba ruhusa, nikaitoa ile aliyoinunua na kuirudisha ya zamani, nikabonyeza kitufe cha volti 12, tukawasha swichi ya gesi. Cheche, vali ikafunguka, moto wa buluu mara ya kwanza.

Dada akautazama ule moto, akaniuliza kadi mpya aliilipia ya nini. Sikuwa na jibu la kumpa. Tukaiacha ya zamani ikiendelea na kazi yake, ile mpya akaifunga kwenye mfuko wa plastiki akaitia droo ya chini ya sinki, pamoja na betri za tochi.